Kompyuta ya mezani inazingua: maswali ninayoulizwa kila siku na watu wa Mtwara na Lindi

Hapa nimekusanya yale maswali yanayojirudia kwenye simu yangu, kuanzia steshenari za hapa mjini, walimu, mpaka makarani wa ghala kule Tandahimba na Nachingwea ambao msimu wa korosho ukifika mashine ndio inaamua kugoma. Soma kabla hujafunga safari na CPU begani, maana wengine mnalipa nauli kuja kuniletea tatizo la waya. Na jambo moja niliseme mapema: kupiga Windows upya sio dawa ya kila ugonjwa. Mashine nyingi za huku kwetu zinaugua umeme, joto, vumbi na chumvi ya bahari, sasa hapo ukipiga Windows hata mara tano utakuwa unampaka rangi mgonjwa.

## Umeme na kuwaka

Nabonyeza kitufe haiwaki kabisa, hata taa hakuna. Imekufa?

Usiizike kwanza. Chomoa kwenye ekstensheni, chomeka moja kwa moja ukutani kwenye soketi ambayo umeijaribu na chaja ya simu. Halafu badilisha waya wa pawa, ule wa CPU na wa monita mara nyingi ni uleule, kwahiyo hamisha wa monita uweke kwenye CPU uone. Angalia nyuma kama kuna swichi ndogo yenye I na O, iwe kwenye I, mtoto au mfagiaji huwa anaigusa bila kujua.

Kama bado, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kama nusu dakika hivi umeme uliobaki ndani uishe, chomeka tena ujaribu. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai nyingine hujifungia kwa kujilinda na hii huwa inazifungua. Wenye Dell OptiPlex mna bahati, nyingi zina kitufe kidogo nyuma kwenye pawa saplai chenye taa ya kijani pembeni. Ukikibonyeza waya ukiwa umechomekwa na taa ikawaka, pawa saplai kuna uwezekano mkubwa ni nzima na tatizo liko mbele zaidi. Isipowaka, ndio hiyo.

Pawa saplai usiifungue. Hata ukiwa umechomoa waya, zile kapasita za ndani zinabaki na chaji ya kukurusha. Badilisha nzima. Na ukinunua ya mtumba angalia kama ina kile kiswichi chekundu cha 115 na 230, sisi umeme wetu ni volti 230, ukikiacha kwenye 115 utasikia paa! na hela imeenda.

Feni zinazunguka, taa inawaka, ila kioo kinasema "No signal".

Hili ndio namba moja, na mara nyingi ni RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, kibao chembamba kilichochomekwa ndani. Kuna mteja alileta mashine toka Newala, imesafiri juu ya basi, ameshaambiwa na mtu mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) imekufa anunue nyingine. Nikafungua, nikachomoa RAM, nikazifuta yale meno ya dhahabu kwa rabba ya penseli, nikarudisha, ikawaka. Alinikodolea macho kama nimefanya mazingaombwe. Mtikisiko wa barabara unalegeza RAM, na hewa ya chumvi inaweka utando kwenye yale meno, hasa kwa watu wa Shangani, Mikindani na Kilwa mnaokaa karibu na maji.

Fanya hivi: chomoa waya wa umeme, fungua mfuniko, sukuma zile klipu za pembeni RAM itoke, futa kwa rabba safi, puliza ule unga, irudishe mpaka klipu zilie tak. Kama ziko mbili jaribu moja moja na ubadilishe nafasi.

Lakini kabla ya yote hayo angalia waya wa monita umechomeka wapi. Mashine yenye kadi ya grafiki ina matundu mawili, moja la mazabodi na lingine la kadi chini yake. Chomeka la kadi. Na hakikisha monita yenyewe iko kwenye ingizo sahihi, kama waya ni VGA halafu monita inasubiri HDMI mtangojana mpaka asubuhi.

Inapiga milio pii pii ikiwashwa.

Hiyo inajieleza yenyewe ina shida gani, hesabu milio uandike. Kila kampuni ina lugha yake, kwa mfano zile HP za ofisi za zamani milio mitano na taa nyekundu inapepesa ni RAM, rudi swali lililopita. Ukinipigia simu nitakuuliza aina ya mashine na idadi ya milio, usiniambie "inalia lia tu".

Ninunue UPS au stebilaiza?

Hazifanyi kazi moja. Stebilaiza inarekebisha umeme unaopanda na kushuka, ila ukikatika na wewe unakatika. UPS ina betri inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Dakika chache jamani! Sio za kumalizia kuchapa mtihani wa kidato cha nne mzima. Kwa mtu wa hapa naanza na UPS, kwasababu kukatika ghafla wakati Windows inaandika kwenye diski ndio kunakoharibu mafaili ya mfumo na kuleta yale matatizo ya sehemu ya Windows hapo chini.

UPS nyingi ndogo zina betri ya volti 12 kama za alamu, inachoka baada ya miaka michache na inabadilishwa, usitupe UPS nzima. Na printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, ikianza kupasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS itapiga kelele na kuzima kila kitu.

Saa inarudi nyuma kila nikizima, na tovuti zinaniambia sio salama.

Betri ya mazabodi imeisha, ile ya mviringo kama sarafu, inaandikwa CR2032, inauzwa hata kwenye maduka ya saa. Chomoa umeme, toa ya zamani, weka mpya maandishi yakiwa juu, washa, rekebisha saa na tarehe. Mambo ya tovuti nayo yataisha, kwasababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na kuisha, sasa kompyuta yako ikiamini tuko 2012 inaona vyeti vyote havijaanza. Watu wamekwama kujaza fomu za ajira siku ya mwisho kwa ajili ya hicho kibetri.

Kama baada ya kubadilisha betri Windows inagoma kuwaka, ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayokuja kabla ya Windows) uangalie mpangilio wa SATA (muunganisho wa diski) na wa kubuti (kuwaka), soma swali la "No boot device".

## Uzito, joto na kuganda

Mashine nzito sana, inachukua dakika tano kuwaka. Nipige Windows?

Hapana. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, angalia safu ya diski. Ikiwa inakaa 100% muda wote hata hujafungua kitu, basi hadi diski (hard disk) yako ndio inayokurudisha nyuma. Ile ni sahani inayozunguka na sindano inayotafuta, Windows za sasa zinaisumbua. Weka SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, hata ya 240GB, na mashine ileile ya zamani utaikimbilia mwenyewe. Nasema bila kumung'unya, hela ya kwanza kuweka kwenye kompyuta ya mtumba ni SSD, ya pili RAM ifike 8GB, mengine baadae. Hadi diski ya zamani usitupe, inabaki humo humo ya kutunzia picha na nyaraka.

Kama diski iko sawa ila RAM imejaa, punguza vinavyowaka vyenyewe, kwenye dirisha hilohilo kuna kipengele cha "Startup", zima usivyovihitaji. Antivairasi mbili kwa wakati mmoja ni balaa, acha moja.

Inazima yenyewe baada ya dakika kumi, hasa mchana.

Joto. Prosesa ikifika kikomo inazima ili isiungue. Mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu hapa kwetu naletewa za hivi nyingi, chumba hakina feni, CPU imesukumwa ukutani, juu yake kumewekwa kitambaa cha kufuma kwa ajili ya urembo. Ondoa kitambaa.

Fungua, toa vumbi kwa brashi ya rangi au bloa, ila ukitumia bloa ishikilie feni kwa kidole isizunguke ovyo. Usifute kwa kitambaa chenye maji. Kama imekaa miaka bila kuguswa, ile pesti kati ya prosesa na chuma cha kupoza imekauka imekuwa kama chaki, futa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Na tafadhali sio dawa ya meno, kuna kijana aliona mtandaoni akaijaribu, ikafanya kazi siku mbili.

Ikizima hata asubuhi kukiwa na ubaridi, na feni inazunguka vizuri, shuku pawa saplai.

Diski C imejaa nyekundu.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %temp%, futa vyote vinavyokubali kufutika. Kisha Windows na R tena, andika cleanmgr, chagua C, kubali usafi. Ukishaona folda ya Windows.old na hujapanga kurudi toleo la nyuma, cleanmgr hiyohiyo inaiondoa ukichagua mafaili ya mfumo, nayo inakula gigabaiti nyingi kweli. Baada ya hapo ndio uangalie muvi zako kwenye Downloads, maana mara nyingi mwizi ni huyo.

Nimeweka RAM ya 8GB inasoma 3 na kitu.

Umewekewa Windows ya biti 32, haiwezi kutumia zaidi ya 4GB na sehemu yake inachukuliwa na vifaa vingine. Hapa ndio kupiga Windows upya, ya biti 64, ni jibu halali.

## Windows yenyewe

Imetokea skrini ya bluu, ikajizima na kuwaka tena.

Piga picha kwa simu, yale maandishi ya chini ndio muhimu. MEMORY_MANAGEMENT mara nyingi inakupeleka kwenye RAM. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE ni diski, draiva yake (programu inayoiendesha) au mpangilio wa BIOS. Likitokea mara moja kwa mwaka endelea na maisha. Likijirudia jiulize umeongeza nini karibuni, printa mpya, draiva, RAM.

Jaribu hivi: tafuta cmd (dirisha la kuandikia amri) kwenye menyu, bofya kulia uifungue kama msimamizi, andika

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

ngoja iishe (inahitaji intaneti), halafu

sfc /scannow

Hizi zinatafuta mafaili ya Windows yaliyoharibika na kuyarudisha. Kwa mashine iliyokatikiwa umeme mara nyingi zinasaidia sana. Kama haifiki hata kwenye deskitopu, kwenye Windows 10 na 11 ile F8 ya zamani haifanyi kazi kwa kawaida, shika Shift ukibonyeza "Restart" pale kwenye skrini ya kuingilia, utapata menyu ya matengenezo yenye Safe Mode. Ukishindwa hata hapo, izime kwa kitufe ikiwa inapakia, rudia mara mbili tatu, itafungua menyu hiyo yenyewe.

Inaandika "No boot device" au "Operating system not found".

Kwanza chomoa flashi! Nusu ya simu zinaishia hapo, mashine inajaribu kuwaka kutoka kwenye flashi ya mziki. Kisha ingia BIOS: Dell ni F2, HP F10, nyingine Del, unagonga mfululizo mara tu baada ya kuwasha. Angalia kama diski inaonekana kwenye orodha. Haionekani, fungua ubadilishe waya wa SATA na tundu lake. Inaonekana ila haiwaki, angalia kama hali ya kubuti imebadilika kati ya UEFI na Legacy, na SATA kati ya AHCI na ile nyingine, betri ikiisha hivi huwa vinarudi vya kiwandani. Ukibadilisha kitu kumbuka kilikuwaje, ili ukikosea urudishe.

Diski ikiwa inatoa mlio tik tik tik, izime sasa hivi, usiiwashe kujaribu "mara moja tu". Kila kuwasha kunazidi kukwangua data zako.

Windows 10 imeisha muda, kompyuta itazima?

Haizimi. Msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake hakuna tena viraka vya usalama bila kujiandikisha kwenye nyongeza, ambayo kwa watu wa kawaida Microsoft waliiweka hadi Oktoba 2026 na inataka uwe kwenye toleo la 22H2. Ingia sehemu ya apdeti utaona kama unapewa.

Kwenda Windows 11 rasmi kunataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za karibuni, kwa Intel ni kizazi cha 8 kuendelea. Kizazi unakijua kwenye namba: i5-4590 ni cha 4, i5-8500 ni cha 8. Mashine nyingi za mtumba zilizopo huku ni za 3, 4 na 6, kwahiyo kimaandishi hazimo. Kuna njia za kulazimisha, nimezifanya kwa watu, zinafanya kazi, ila nakuambia wazi Microsoft hawaahidi apdeti kwa mashine hizo.

Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuchapa, kuprinti na intaneti, mimi nampa Linux Mint. Ni bure, 4GB ya RAM inaitosha, na LibreOffice inafungua nyaraka za Word. Mpangilio wa nyaraka ngumu unaweza kuyumba kidogo, na kabla ya kuhamia hakikisha printa yako inakubali. Unaijaribu kwenye flashi bila kugusa Windows.

Nikipiga Windows mafaili yangu yatapotea?

Yaliyoko C, yaani Desktop, Documents, Downloads, yatapotea kama fundi akifomati. Watu wanadhani Desktop ni sehemu nyingine, hapana, iko ndani ya C. Kabla ya kumpa fundi mashine, mimi nikiwemo, nakili vyako kwenye diski ya nje. Mashine isiyowaka pia inaokolewa, unawasha kwa flashi ya Linux Mint unanakili, au unatoa diski unaichomeka kwenye kompyuta nyingine.

Inaniomba "recovery key" ya tarakimu 48, mimi sijawahi kuweka.

Ni BitLocker, kufuli la Windows la kufunga data za diski. Windows 11 inaweza kuifunga diski yenyewe pale unapoingia na akaunti ya Microsoft, halafu siku ukigusa BIOS au ukibadilisha mazabodi inaomba ufunguo. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa simu, na ile barua pepe iliyotumika kuisetia mashine. Kama ni ya ofisi muulize mtu wa IT. Kama akaunti ilikuwa ya fundi aliyekuuzia, mtafute leo, kwasababu bila ufunguo hakuna fundi wa Mtwara wala wa Marekani atakayezifungua data hizo.

## Flashi, virusi na mafaili

Flashi imerudi toka steshenari, kila kitu kimekuwa shotikati.

Mafaili yapo, yamefichwa. Usibofye hata shotikati moja, ndio mlango wa kirusi. Skani kwanza kwa antivairasi iliyoko kwenye Windows, kisha fungua cmd, kama flashi ni E andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatatokea, mengine hujificha kwenye folda isiyo na jina. Nakili vyako, futa shotikati, fomati flashi. Kama flashi nyingine safi nayo ikibadilika hivyohivyo ukiichomeka, mgonjwa ni kompyuta, isafishe hiyo kwanza la sivyo utafanya hii kazi kila Jumatatu. Wenye steshenari, wateja wenu wote wanachomeka mashine moja, iskanini kila siku.

Mafaili yote yamebadilika mkia wa jina na kuna barua ya kudai dola.

Pole. Hiyo ni ransomuwea, kirusi kinachofunga mafaili ili ulipe. Chomoa intaneti na diski zote za nje. Mara nyingi nikiuliza naambiwa siku hiyo kulidaunlodiwa kreki (ya kuvunja kufuli la programu ya kulipia) ya programu fulani, na kreki ndio njia kuu ya hawa jamaa kuingia kwa watu wadogo. Usilipe kwa haraka, hakuna anayekuhakikishia utarudishiwa. Tovuti ya No More Ransom inatoa bure vifungua vya baadhi ya aina, jaribu hapo. Vikikosekana hifadhi mafaili kwenye diski pembeni, kifungua kinaweza kutoka baadae.

Nimefuta folda ya kazi na Recycle Bin nimeimwaga.

Acha kutumia hiyo diski dakika hiihii. Kwenye hadi diski na flashi, data zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwahiyo programu ya kurejesha isakinishe kwenye diski nyingine sio hiyohiyo. SSD ni habari tofauti, Windows inaiambia ifute kabisa zile sehemu, nafasi ni ndogo.

Flashi ya 32GB inakataa faili la 5GB, inasema imejaa.

Imefomatiwa FAT32, mwisho wake 4GB kwa faili moja. Fomati exFAT, ukishahamisha vilivyomo.

## Vidogo vinavyokera

Nikibonyeza @ inatoka alama ya kunukuu.

Kiibodi imewekwa mpangilio wa Uingereza wakati vitufe vyako ni vya Marekani, au kinyume chake. Bonyeza kitufe cha Windows na nafasi ubadilishe.

Printa imeganda, kazi haifutiki kwenye foleni.

Windows na R, services.msc, tafuta "Print Spooler", isimamishe. Nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS futa vilivyomo ndani, folda yenyewe iache. Rudi uianzishe. Dakika mbili.

Nikiunga hotspoti ya simu bando linaisha hata sijafungua kitu.

Apdeti hizo. Ingia kwenye mali za hiyo Wi-Fi, washa "Metered connection". Halafu mara moja kwa mwezi tafuta pa intaneti ya bei nafuu uziruhusu, usizizime moja kwa moja.

## Visa vya pembeni

Radi imepiga jirani, mashine inawaka ila intaneti ya waya haisomi.

Radi inapita hata kwenye waya wa mtandao, tundu la LAN ndio limekufa. Adapta ya USB ya mtandao itakutoa, huna haja ya mazabodi. Mvua za radi zikianza chomoa vyote, umeme na waya wa mtandao, UPS haizuii radi.

Nikigusa boksi la CPU nasikia umeme unanitekenya.

Nyumba haina ethi (waya wa ardhini) au ekstensheni ina pini mbili tu. Pawa saplai huvujisha kiasi kidogo kwenye boksi ambacho kilitakiwa kiende ardhini. Huyo muite fundi umeme, sio mimi, na usitembee peku hapo.

Nimefungua nikakuta kutu na viota vya wadudu.

Matundu ya nyuma yaliyoachwa wazi ndio mlango wa mende na mijusi, yafunike kwa vile vibati vyake. Kutu kwenye boksi sio tatizo, kutu ya kijani kwenye mazabodi ndio tatizo. Isafishe kwa spiriti na mswaki laini, umeme ukiwa umechomolewa na betri ya CR2032 imetolewa, iache ikauke kabisa kivulini kabla hujaiwasha. Mashine isiyotumika msimu mzima usiifunge kwenye mfuko wa nailoni, unyevu unabaki ndani. Iwashe hata saa moja kwa wiki.